Kashebere: gari limesimama, lakini redio yake inasikilizwa

Kashebere, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Kila jioni, kabla giza halijaingia, watu kumi na tano hivi wanasogea kwenye gari dogo jeupe lililosimama kando ya nyumba ya mbao. Ni Toyota Corolla ya zamani, usukani upande wa kuume. Halijatembea kwa miezi mingi. Matairi yamewekewa mawe mbele na nyuma, na kuku wanalala chini yake. Mwenye gari anafungua milango miwili ya mbele, anazungusha ufunguo nusu, na sauti ya mtangazaji inatoka. Hakuna anayezungumza mpaka habari ziishe.

Wengi wa wasikilizaji hao si wakaaji wa Kashebere. Ni watu waliokimbia vita, wanaoishi katika familia zilizowapokea, wengine makanisani na katika vyumba vya shule. Wanachotaka kujua kila jioni ni mambo matatu: barabara gani imefunguka, kijiji gani kimetulia, na nani anatafutwa na nani.

Gari hilo halikufika likiwa na sauti hiyo. Mwenyewe, baba wa watoto watano, alikuwa akibeba abiria kati ya Goma na Sake. Alipanda huku wakati wa kiangazi kwa ajili ya matanga ya mama yake. Watu walimcheka kidogo, kwa sababu barabara ya Nyabiondo inajulikana: ni ya pikipiki na malori, gari dogo huku ni mgeni. Alisema atashuka baada ya siku tisa. Mvua zikaanza, matope yakafunga njia. Halafu ukaja mwezi wa Januari 2025. Masisi-kati ikachukuliwa na M23 mwanzoni mwa mwezi, na Goma mwishoni. Corolla ikabaki ilipokuwa.

Aliyeanzisha mambo ya redio ni mama mmoja aliyekimbilia nyumba ya jirani. Alifika na watoto watatu. Wa nne, kijana wa miaka kumi na miwili, alipotea njiani usiku ule risasi zilipoanza na kila mtu akashika njia yake. Mama huyo aliandika tangazo kwenye karatasi ya daftari, akampa mtu wa pikipiki alipeleke kwenye redio ya jamii. Jibu likarudi: tangazo limepokelewa, litasomwa jioni tatu mfululizo.

Akaja mbio kwa mwenye gari. «Papa, gari yako iko na redio. Tufungulie tusikie.»

Alifungua. Ikatoka sauti ya upepo tu, shwaaa. Namba kwenye kioo cha redio zilipanda mpaka 90, zikarudi 76, zikapanda tena. Mama alisimama pale akiangalia zile namba kama mtu anayengoja lori lisilokuja. Jioni tatu zikapita. Tangazo lilisomwa, na yeye hakulisikia.

Kosa halikuwa la milima peke yake. Magari mengi ya mtumba yanayoingia Kivu Kaskazini yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na redio zake pia. Huko Japani, FM ilipewa nafasi kati ya 76 na 90. Juu ya hapo palikuwa na televisheni za zamani, ambazo zilizimwa sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011. Kwetu Kongo, FM iko kati ya 88 na 108. Mtu wa Goma aliyezoea Radio Okapi kwenye 105.2 hawezi kuipata kwenye redio inayoishia 90, hata akiegesha gari chini ya mnara wenyewe. Ndiyo maana madereva wengi wanasema «redio yangu imekufa», wakati redio ni nzima. Imezaliwa tu kusikiliza nchi nyingine.

Kuna kidude kidogo kinachouzwa kwa ajili ya shida hiyo. Kinawekwa kati ya anteni na redio, na kazi yake ni kupunguza namba. Kama kinapunguza 16, basi stesheni ya 105.2 inatokea kwenye 89.2. Mwenye Corolla alipata kimoja kutoka kwa rafiki na kukijaribu. Kilisaidia nusu. Redio yenye nafasi ya namba 14 tu haiwezi kumeza FM yenye namba 20, kwa hiyo stesheni za juu kabisa na za chini kabisa zinabaki nje. Tena, pale ambapo sauti inafika dhaifu kwa sababu ya vilima, kidude hicho kinaongeza mkwaruzo. Stesheni iliyosoma tangazo la yule mama ilikuwa juu ya 106. Haikuingia.

Akaamua kutafuta redio nyingine na kuifunga mwenyewe, kwa sababu fundi wa umeme wa magari hapakuwa karibu. Ya kwanza aliyoletewa ilikuwa imetolewa kwenye lori. Aligeuza mgongo wake, akasoma: volti 24. Akairudisha. Gari dogo linatumia volti 12. Ya pili ilikuwa ya volti 12, ya mtumba, inafika 108, na imeandikwa wati 50 mara nne. Maandishi hayo ni ya kupendeza jicho tu. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa hata nusu ya hizo kwa muda mrefu kwenye umeme wa gari. Kwa habari, inatosha na kubaki.

Siku ya kazi, mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka kumi na saba, alimsaidia. Walifungua plastiki ya mbele pole pole, wakafungua boloti nne kwa kle ya 10, wakatoa redio ya zamani pamoja na vyuma vyake vya pembeni. Hapo kijana akasema kazi imekwisha: redio mpya ina waya mwekundu, wa manjano na mweusi, gari nalo lina mwekundu, wa manjano na mweusi. Rangi kwa rangi. Wakaunganisha, wakazungusha ufunguo.

Kimya.

«Papa, tubadilishe zingine tuone,» kijana akasema.

«Hapana. Ngoja kwanza. Toa masi ya bateri.»

Neno hilo moja liliokoa redio. Kwenye Toyota, rangi hizo tatu hazileti umeme kabisa. Mweusi na wa manjano ni nyaya za bafle ya nyuma upande wa kushoto. Mwekundu ni wa bafle ya nyuma upande wa kuume. Umeme wa bateri usiokatika unapita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa manjano. Umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa unapita kwenye wa kijivu. Masi ni waya wa kahawia. Kwenye redio za dukani mambo ni mengine: manjano ni bateri, mwekundu ni ufunguo, mweusi ni masi. Kama wangeendelea kubahatisha, mpaka waya wa bafle wa redio ukagusana na ule wa bateri, redio ingeweza kuungua pale pale.

Basi baba akarudi kwenye njia ya wazee wa garaji, isiyoangalia rangi. Alichukua balbu ndogo ya pikipiki ya volti 12, akaifunga nyaya mbili. Akarudisha masi ya bateri, waya mmoja wa balbu akaugusisha kwenye chuma cha gari, na mwingine akaupitisha kwenye kila waya wa Toyota, mmoja mmoja. Uliowasha balbu wakati wote ndio wa bateri. Uliowasha baada ya ufunguo kuzungushwa ndio wa ufunguo. Waya wa taa za dashibodi unawaka taa zikiwashwa tu, huo akauacha. Kwa nyaya za bafle alitumia jiwe dogo la tochi: kugusisha mara moja na kuachia, bafle inalia «tak», na unajua ni ya mlango upi. Karatasi ya bafle ikisukumwa nje, upande wa jumlisha ndio huo. Kijana aliandika yote kwenye daftari lake la shule. Kisha masi ya bateri ikatolewa tena, nyaya zikasokotwa, zikafungwa skochi moja moja, kila moja peke yake. Nyaya za bafle hazikugusishwa kwenye chuma cha gari hata kidogo, maana redio za siku hizi haziruhusu hilo.

Fizible ya redio ilikuwa imekatika tangu zamani, na mtu alikuwa ameziba pale kwa karatasi ya sigara inayong'aa. Baba aliitoa, akaweka fizible ya ampea 10. Kijana aliuliza kwa nini kupoteza pesa wakati karatasi inapitisha umeme. Jibu la baba: «Karatasi haitakatika. Utakaokatika ni waya, na gari litawaka na nyumba ya watu.»

Kulikuwa na mambo madogo mengine. Tundu la redio la Toyota ni pana kuliko redio ya kawaida kwa sentimita moja hivi kila upande. Wakakata vipande vya bidoni la njano, wakaziba. Anteni ilikuwa imevunjika. Wakaweka waya wa shaba wa sentimita 75, kipimo kinachofaa kwa FM, ukasimama wima. Bafle za milango ya mbele zilikuwa zimeoza kwa maji ya mvua. Wakaweka nyingine za mtumba, na safari hii hawakuutupa mfuko wa plastiki unaokaa nyuma ya kitambaa cha mlango. Ndio unaozuia maji yanayotiririka ndani ya mlango kila mvua ikinyesha. Masisi na Walikale mvua haikosi.

Kisha ukaja ugomvi wa kweli. Kijana alikuwa amepata ahadi ya amplifaya na bafle kubwa ya bezi kutoka kwa rafiki ambaye alikuwa na baa ndogo. Alitaka gari lisikike mpaka ng'ambo ya pili ya kilima. Ni haki ya kijana. Miezi mingi ilikuwa imepita bila harusi wala mpira. Lakini baba alifanya hesabu. Bateri ya gari kama hilo ina ampea 45 kwa saa moja. Redio yenye bafle mbili kwa sauti ya chini inakula kama ampea moja kwa saa. Amplifaya yenye bezi inaweza kula ampea 10. Saa mbili za muziki ni karibu nusu ya bateri, na bateri iliyofika nusu inaweza kushindwa kuamsha mota. Panapobidi kuondoka haraka, hapana mtu wa kusukuma gari.

Aliongeza jambo lisilo la hesabu. Usiku, huku, masikio yana kazi. Mtu anasikiliza mbwa, anasikiliza nyayo, anasikiliza kama risasi ziko mbali au karibu. Bezi inafunika hayo yote, na inamwambia kila mpita njia kwamba hapa kuna gari na kuna bateri. Kijana alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alirudisha bafle ya bezi kwa mwenyewe.

Jioni ya kwanza, waliwasha saa kumi na mbili. Mkwaruzo kidogo, halafu sauti ya mtu, safi, kama yuko ndani ya gari. Wazee walisogeza viti. Yule mama alikuwa amepeleka tangazo lake tena, kwa karatasi nyingine ya daftari. Halikusomwa siku hiyo. Lilisomwa siku iliyofuata, katikati ya tangazo la mbuzi waliopotea na lile la mkutano wa wazazi. Mtangazaji alitaja jina la kijana, umri wake, shati ya buluu aliyovaa, na mahali mama alipo: Kashebere.

Mama hakulia. Aliuliza tu: «Wamesema Kashebere vizuri?»

«Wamesema vizuri, mama.»

«Basi atajua.»

Mpaka leo jibu halijafika. Lakini watu wengine wawili, baada ya kuona, waliandika matangazo yao, na kijana wa dereva ndiye anayewaandikia wasiojua kuandika. Kanuni za gari zimekuwa tatu na kila mtu anazijua. Saa moja tu kila jioni. Kila Jumamosi mota inaamshwa ili bateri ijae, na mwenye uwezo anachangia mafuta kidogo. Na tangazo la mtu aliyepotea likisomwa, hata mtoto anayelia anapelekwa pembeni.

Mwenye gari dogo la Japani ambaye redio yake inaishia 90 asiitupe kabla hajajaribu, na asiunganishe waya kwa rangi. Atoe masi ya bateri, atafute balbu na jiwe la tochi, aweke fizible ya kweli. Na ikishaimba, aweke gari mahali ambapo jirani anaweza kusogeza kiti.