Mbele ya bahari ya Ostend

Wenzetu wanaorudi kutoka Ulaya hutusimulia zaidi baridi, magari na maduka. Mimi nitasimulia siku moja ya mapumziko. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Basi mtu aliyefanya kazi yake akitembea polepole kando ya maji, akala vizuri na kutazama watu, tusimwite mvivu.

Mji wa Ostend uko Ubelgiji, kwenye Bahari ya Kaskazini. Toka Brussels gari la moshi (naliita bado hivyo, ingawa siku hizi halitoi moshi hata kidogo) linafika huko kwa saa moja na robo hivi. Nilisindikizwa na Sista mmoja mzee, aliyefundisha kwetu Congo miaka mingi. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Mama Sista, na tunasemezana Kiswahili, hata watu garini waligeuka kutusikiliza.

Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa Tanganyika tunadhani tunajua maji makubwa. Lakini maji yetu ni ya buluu na yanakaa mahali pake. Yale ya Ostend yana rangi ya majivu, tena hayakai: mara mbili kwa siku yanajaa, mara mbili yanakupwa. Yakiisha kupwa, mchanga unabaki wazi, mpana na mgumu, na watoto wanaufanya kuwa uwanja wao mpaka maji yawafukuze. Upepo, huo haupumziki kamwe.

Ili bahari isiingie mjini, watu wa zamani walijenga ukuta mpana wa mawe, na juu ya ukuta huo ndiyo njia ya matembezi. Upande mmoja mchanga na bahari, upande mwingine nyumba ndefu na mikahawa. Wazee wanasukumwa katika viti vya magurudumu. Jamaa nzima zinapanda vigari vya kukanyaga kwa miguu: baba na mama wanakanyaga, watoto wanatoa amri. Kule chini mchangani niliona jambo lililonifurahisha kuliko yote. Watoto wamechimba vibanda vidogo, wamepanga maua ya karatasi za rangi waliyoyatengeneza pamoja na mama zao, nao wanayauza. Feza hawapokei. Ua linalipwa kwa makombe ya bahari, na bei yake wanabishana kama mama zetu sokoni. Nilimwambia Mama Sista: «Kumbe hawa nao wana simbi zao, kama babu zetu!» Akacheka sana.

Tukaendelea kuelekea magharibi. Hapo njia inafika kwenye nguzo nyingi za mawe zilizofunikwa kwa paa, mstari wa meta 380 hivi. Mfalme Leopold II aliagiza zijengwe miaka ya 1902 mpaka 1906, na fundi wake alikuwa Mfaransa Charles Girault. Mfalme alitaka kutoka nyumba yake ya pwani mpaka uwanja wa mbio za farasi bila kupigwa na mvua wala upepo. Ni kazi nzuri, siwezi kukataa.

Lakini kabla ya kufika pale niliona Mama Sista ananivuta kwa upole tupite njia ya mjini. Nikamwuliza juu ya nini. Akasema: «Mwalimu, huku kuna sanamu moja. Sipendi siku yako iharibike.» Nikamwambia nilikwisha kusikia habari zake, na kwamba siku haiharibiki kwa kutazama. Basi tukaenda.

Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1931, kazi ya Alfred Courtens. Mfalme amepanda farasi, yuko juu kabisa. Chini yake upande mmoja wamewekwa wavuvi wa Ostend, na upande mwingine watu weusi, wake kwa waume, wanaomwinulia macho. Maandishi yanaeleza kwamba hao ni Wakongo wanaomshukuru mfalme kwa kuwatoa katika utumwa wa Waarabu. Mwaka 2004 watu wa mji huo huo walikata kwa msumeno mkono wa mmoja wa wale Wakongo, ili wapita njia wakumbuke mikono iliyokatwa wakati wa mpira. Mkono haukurudishwa.

Tulisimama hapo kitambo. Mama Sista akasema: «Nilipokuwa mtoto wa shule tulifundishwa hivi hivi, na mimi nikaamini.» Nilimjibu kwamba neno la utumwa si uwongo mtupu. Wazee wetu wa Mpala walisimulia vijiji vilivyochomwa, na jinsi Kapiteni Joubert alivyowakinga watu waliokimbilia misioni. Lakini mwaka 1896 mfalme alijitengea nchi kubwa kule kwenye ziwa Mai-Ndombe, na feza za mpira wake zilijenga majengo mengi Ubelgiji, na Ostend nayo ilipata sehemu yake. Watu waliutoa mpira huo kwa nguvu na kwa kifo. Na hakuna Mkongo aliyeulizwa kama anashukuru. Mtu akikuandikia shukrani yako bila kukuuliza, hiyo ni yake, si yako. Mwaka 2022 Mfalme Philippe alifika Kinshasa akatamka masikitiko yake makubwa juu ya mambo ya zamani. Masikitiko hayo, angalau, aliyatamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Basi, je, tule hapo? Ndilo swali lililokuwa moyoni mwangu, na nadhani Mama Sista alilisoma usoni. Nikafikiri: mchanga huu na upepo huu havikununuliwa kwa mpira. Na hao watu wanaopita na watoto wao, wengi ni wajukuu wa wafanyakazi ambao zamani hawakuona bahari, mpaka sheria ya mwaka 1936 ilipowapa siku 6 za mapumziko zenye mshahara. Kama kuna mtu mwenye haki ya kukaa hapa na kufurahi, Mkongo hawezi kuwa wa mwisho. Tukaingia katika mkahawa wenye vioo vinavyotazama bahari. Tukala kamba, vidudu vya baharini jamaa ya kaa, wadogo na wa kijivu, waliochanganywa na mchuzi mzito wa maziwa, wakavingirishwa katika unga wa mkate na kukaangwa. Ni watamu mno. Tulisali kabla ya kula, na niliwataja kwa sauti marehemu wa mpira. Mama Sista akaitika Amina.

Jioni tulirudi mpaka karibu na stesheni, mahali inapofungwa merikebu yenye milingoti mitatu iitwayo Mercator. Nayo mwaka ule ule 1936 ilileta Antwerp mwili wa Padri Damiani, aliyefia kwa wakoma wa Molokai mwaka 1889, na ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza Mtakatifu mwaka 2009. Mama Sista alinieleza jambo nisilolijua: watu wa Hawaii waliona uchungu kunyang'anywa Padri wao, na alipotangazwa Mwenye heri mwaka 1995 walirudishiwa mkono wake wa kuume, wakauzika tena katika kaburi lake la kwanza.

Tulinyamaza wote wawili. Kisha akaniuliza kama bado nina nafasi tumboni, maana kulibaki nusu saa, na kule gatini wanauza konokono wa bahari katika supu ya moto.