Nyumba ya magurudumu ilipozima usiku wa manane

Ilikuwa yapata saa tisa za usiku niliposikia maji yakimwagika. Sauti haikutoka bafuni wala kwenye sinki. Ilitoka chini ya sakafu, kana kwamba mtu amepindua ndoo chini ya kitanda changu. Mama alikuwa macho tayari. "Maji yanatutoroka," alisema gizani. Nilinyoosha mkono nikabonyeza swichi ya taa. Hakuna. Nikabonyeza ya pili. Giza totoro, na baridi ya kukata masikio.

Tulikuwa Glencoe, bonde la milima mirefu kule Scotland, ndani ya gari-nyumba tulilokodi mjini Glasgow mwanzoni mwa Aprili 2024, shule zikiwa zimefungwa. Msomaji ambaye hajawahi kuliona gari la aina hiyo na afikirie matatu kubwa iliyong'olewa viti, ikatiwa vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu lenye upana wa kabati. Kaka yangu mkubwa anaishi Glasgow. Mama alikuwa ametoka Kenya kuwaona wajukuu, nami nikamsindikiza. Tulikuwa watu sita, na bei ya hoteli kwa watu sita ilimtoa kaka jasho. Ndipo akasema, "Twende na nyumba yetu mgongoni, kama kobe."

Kijana wa kampuni ya kukodisha alitupa mafunzo ya dakika kumi. Alifungua kabati hili, akafunga lile, akabonyeza vidude, nasi tukaitikia kwa vichwa kama wanafunzi waliokuja darasani bila kusoma. Mimi, niliyezoea kuwauliza watu maswali kwa kazi, sikuuliza hata moja.

Upande wa maji hatukutaabika, na hapa nitajisifu kidogo kwa niaba ya wakazi wote wa Nairobi. Tangi la maji safi lilikuwa la lita 100 hivi. Unalijaza kwa mpira kwenye uwanja wa kambi, kisha ukifungua mfereji, pampu ndogo inanguruma na maji yanakuja. Chini kuna tangi la pili la kupokea maji machafu ya sinki na bafu, nalo lazima likamwagwe mahali palipotengwa. Mtoto wa Glasgow aliyezoea kuoga dakika ishirini anaweza kulimaliza tangi zima peke yake, na mpwa wangu alifanya hivyo siku ya kwanza. Mama, mzoefu wa miaka mingi ya mgao wa maji, aliomba beseni. Aliloa, akajipaka sabuni, akajisuuza, na alitumia lita tano tu! Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa waziri wa maji.

Choo ni habari nyingine. Chini yake kuna sanduku la plastiki linalomeza lita 18 hivi, lenye dawa ya buluu ya kuua harufu. Likijaa, mtu hulivuta kupitia mlango mdogo ulio nje ya gari na kwenda kulimwaga. Kaka alisema hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, akaifanya. Tusiendelee na hayo, huenda unasoma ukiwa mezani.

Stima ndiyo iliyotuaibisha. Gari lilikuwa na soketi za pini tatu, sawasawa na za nyumbani Kenya, nasi tukadhani ukichomeka kitu kitafanya kazi. La hasha. Soketi hizo huamka tu gari linapounganishwa, kwa waya mrefu wenye plagi ya buluu, na nguzo ya stima iliyo kwenye uwanja wa kambi. Bila waya huo, nyumba nzima inategemea betri moja ya volti 12 iliyofichwa chini ya kiti. Betri hiyo siyo ile ya kuwashia injini. Kila moja ina kazi yake. Hujichaji injini inapozunguka, au gari likiwa na paneli ya sola juu ya paa, jua linapowaka. Tulikuwa nayo sola, lakini Glencoe kulikuwa na mawingu na mvua tangu tulipofika.

Uwanja tuliolala ulikuwa wa bei nafuu, usio na nguzo za stima, na mandhari yake yalitupendeza hata tukakaa usiku wa pili bila kulisogeza gari. "Tuna gesi," tuliambiana. Kweli tulikuwa nayo, mtungi wa kilo sita wenye propeni, gesi ambayo haikatai kutoka hata kwenye baridi kali. Jiko lilitumia gesi. Hita na maji ya moto vilitumia gesi. Hata friji ilitumia gesi, jambo lililomshangaza Mama: vipi moto uzae baridi? Friji hiyo ina njia tatu. Gari likienda hutumia stima ya injini, likiunganishwa na nguzo hutumia stima ya kambi, na likiegeshwa porini huwasha kijimoto kidogo nyuma yake. Kijimoto hicho lazima kizimwe kabla ya kuingia kituo cha petroli, na sababu yake haihitaji maelezo.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba gesi hiyo yote, isipokuwa ya jiko, humtumikia bwana mmoja, nayo ni ile betri ndogo. Feni ya kusambaza joto la hita huzungushwa na betri. Cheche na ubongo wa friji vyahitaji betri. Pampu ya maji, betri. Taa, betri. Ikifa, mtungi unaweza kuwa umejaa na bado mkatetemeka.

Nani aliiua? Jioni hiyo nilikuwa nimechomeka inveta, kijisanduku kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya soketi, nikaandika makala kwenye laptopu kwa saa sita. Laptopu hiyo hula wati 60. Gawanya kwa volti 12, upate ampea tano. Zidisha kwa saa sita, upate 30. Betri yetu ilikuwa ya ampea-saa 100, na betri ya aina hiyo haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Ongeza feni ya siku mbili, taa, na runinga ya watoto, uone salio linabaki nini.

Betri ilipokata, feni ilisimama na baridi ikaingia. Karibu na bomba la maji ya moto kuna kizibo cha usalama ambacho hujifungua chenyewe baridi inapofika karibu na nyuzi 3, ili maji yasigande na kupasua tangi. Kikafungua. Lita kumi za maji ya moto zikaenda majanini.

Maji hayakunitia hofu. Ndani ya friji mlikuwamo insulini ya Mama ya mwezi mzima, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kaka, akiona meno ya Mama yakigongana, alishika kiberiti awashe jiko lipashe chumba joto. "Zima!" Mama alifoka. "Jiko la makaa limemaliza watu wangapi kule kwetu kwa kulala nalo ndani?" Alikuwa sahihi. Moto wa jiko ndani ya chumba kilichofungwa huweza kutoa hewa ileile ya sumu, nayo haina harufu.

Basi kaka aliwasha injini, saa tisa na nusu za usiku, katikati ya watu waliolala. Punde mzee jirani akaja na tochi, kanzu ya kulalia ikipepea chini ya koti, uso wa kugomba. Alipomwona Mama ndani ya mablanketi manne, hasira ikamwisha. Alituonyesha namna ya kugeuza friji itumie stima ya injini, akasubiri hita irudi, na kizibo kilipokubali kufungwa, akamulika inveta yangu. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Nilifungua friji kwa mikono isiyotulia. Kipimajoto kidogo ambacho wifi yangu aliweka humo kilionyesha nyuzi 7.

Kesho yake tulihamia uwanja wenye nguzo karibu na Fort William, chini ya Ben Nevis, mlima wa mita 1,345. Kaka alichomeka plagi ya buluu, taa ya kijani ikawaka, watoto wakashangilia. Nguzo hiyo ilitoa ampea 10, yaani wati 2,300 hivi. Hakuna aliyemwambia Mama, naye alikuwa amebeba kutoka jikoni kwa wifi birika la wati 3,000. Alilijaza maji, akabonyeza.

"Imepotea," alisema kwa utulivu, akaanza kutafuta mshumaa mkobani.