Maji ya Mfereji na Taa za Mjini

Mimi ni bwana shamba katika bonde la Usangu, Mkoa wa Mbeya. Wakulima huniuliza: "Bwana shamba, kwa nini tufunge mifereji? Maji ni yetu, umeme ni wa wenzetu."

Swali hilo ni la haki. Wengi wao wamelea watoto kwa mwanga wa kibatari.

Lakini tuyafuate maji. Mito hushuka kutoka milimani, ikaingia Usangu. Hukutana katika kinamasi cha Ihefu na kuwa Mto Ruaha Mkuu. Mto huo hupita Iringa mpaka bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilijengwa ili kuweka akiba ya maji ya mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975. Mwaka 1988 Mtera nayo ilianza kutoa umeme. Mitambo yake ni ya megawati 80, na ya Kidatu ni megawati 204. Maji yale yale hufanya kazi mara mbili.

Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Samaki na viboko hufa.

Basi, tulime mpunga, kwa sababu chakula ni uhai. Tukishavuna, tufunge milango ya mabanio, maji yarudi mtoni. Maji yanayotuama katika shamba tupu hayamshibishi mtu, wala hayawashi taa. Na wenye taa nao wamkumbuke mkulima aliyefunga mfereji.