Maji ya Magotini

Ninaandika haya kwa ajili ya mama mmoja nisiyemjua. Labda ni wewe. Umekaa kwenye benchi la hospitali, kanga yako imelowa, na kuna sauti kichwani inayokuambia kwamba wewe ndiye uliyesababisha. Benchi hilo nimelikalia. Siku ile sikutaka chai wala nasaha. Nilitaka mtu wa kuniambia kwamba na yeye yaliwahi kumkuta.

Sisi ni watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mwaka 2023 Iddi ya kuchinja iliangukia mwisho wa Juni. Mume wangu alikuwa likizo, na wifi yangu alikuwa amekuja kutoka Kigoma na wanawe watatu, hivyo tukasema sikukuu tuirefushe. Jumamosi ya tarehe 1 Julai, siku ya Uhuru, tukaenda ziwani, upande wa Kajaga kwenye barabara ya Gatumba. Watu wazima tulikuwa saba. Watoto tisa. Kitindamimba wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, ametoka tu kujua kukimbia.

Tulibeba sufuria la pilau, tukanunua mukeke wa kuchoma palepale. Watu walikuwa wengi, kila mwavuli na muziki wake. Saa tisa na nusu hivi upepo ukaanza. Wa Buja wanaujua: wakati wa kiangazi, jua likishapinda, ziwa linaanza kupiga mawimbi madogo madogo na milima ya Uvira ng'ambo ya pili inafifia kama imepakwa unga.

Macho yetu yalikuwa mbali. Wifi alikuwa ameogopeshwa na habari za viboko, ambao jioni hupanda ufukweni kula majani, na za Gustave, yule mamba wa Rusizi aliyesikika mpaka Ulaya. Kila akiona gogo linaelea, anawaita watoto. Watoto wakubwa tukawakataza kabisa kupita kiunoni. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, linashuka karibu mita 1,470, na tangu udogo wangu nimefundishwa kuogopa kilindi. Mwanangu hakwenda kilindini. Alikuwa kwenye maji ya magotini. Magotini mwangu mimi. Yeye yalimfika kifuani.

Nilikuwa namchambulia samaki. Mukeke ana miiba, na mtoto alikuwa amesimama ubavuni pangu kafungua kinywa kama kifaranga. Nikavunja kinofu, nikakipapasa kwa kidole kutafuta mwiba, nikakipuliza. Nikageuka nimpe.

Hayupo.

Nikamuuliza wifi, "Yuko kwako?" Akasema, "Si yuko na baba yake?" Baba yake alikuwa kwenye mkeka, anaswali Alasiri. Mama mkwe alidhani yuko kwa wakubwa. Wakubwa walidhani yuko kwangu. Watu wazima saba, na kila mmoja alijua kabisa kwamba mtoto yuko kwa mwenzake.

Sikusikia kelele yoyote. Hapa nisikilize vizuri, mama mwenzangu, maana ndipo sisi wote tulipodanganyika. Tulidhani anayezama ataita, atarusha mikono. Mtoto wa umri ule haiti. Anainama kuokota kitu, kichwa kinamzidi uzito, anakwenda kifudifudi, hawezi kujiinua. Basi. Na muziki unaendelea.

Kijana mmoja muuza karanga ndiye aliyemwona. Alitupa sinia lake. Alimtoa kwa mkono mmoja.

Alikuwa mlegevu. Midomo ya zambarau. Macho nusu wazi, hayanioni.

Nikaita jina lake. Nikaita tena. Hakuna.

Mzee mmoja akamshika miguu, akamning'iniza kichwa chini amkung'ute maji yatoke. Simlaumu, ndivyo sote tulivyowahi kuona ikifanywa. Hapo akaja mwanamke, mbio, ana mchanga mpaka kwenye nywele, anapiga kelele kwa Kirundi kwamba alazwe chini. Alikuwa amewahi kupata mafunzo ya Msalaba Mwekundu. Sikulijua hilo wakati ule. Niliona tu mtu anamnyang'anya mwanangu.

Akamlaza chali. Akakiinua kidevu kidogo. Akampulizia mdomoni. Mara tano. Kisha akaweka kiganja kimoja katikati ya kifua, akawa anakandamiza, harakaharaka. Akapuliza tena. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anasema Ya Latifu, Ya Latifu, Ya Latifu. Mimi dua ilinikimbia. Mimi niliyesomeshwa chuo tangu nina miaka mitano, sikuwa na hata herufi moja mdomoni. Nilimtazama tu yule mwanamke mgongo wake ukipanda na kushuka.

Sijui ilikuwa muda gani. Mume wangu anasema dakika mbili. Muongo.

Akakohoa. Maji yakatoka, na wali. Akakohoa tena, kisha akalia. Kilio chenyewe kilikuwa kibovu, kama cha paka aliyefungiwa nje.

Mafuta ya gari yalikuwa shida mwaka ule, teksi hukuti. Mwenye pikapu mmoja, hatumjui mpaka leo, akasema ana lita chache za kufika mjini, tupande. Ni pale Chanic, kwenye foleni ya magari tukiingia mjini, nilipofumbua mkono wangu wa kulia. Kile kinofu cha samaki kilikuwa bado kipo, nimekibana kimekuwa uji.

Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akatuambia mtoto aliyezama hata akiamka akacheka haruhusiwi kwenda nyumbani haraka, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Wetu hakucheka. Usiku wa pili homa ikapanda. Kila pumzi mbavu zinabonyea. Nilihesabu. Nilifika mia, naanza upya. Baba yake alikuwa ukutani, amechuchumaa, tangu jana hajasema neno. Saa nane ya usiku akasema, "Nilisikia uliponiuliza. Nikamalizia rakaa." Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona analia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwacha alie peke yake, kwa sababu nilijua nikimgusa nitaanguka.

Alfajiri mama mkwe akaingia na chupa ya uji. Nilikuwa namwogopa kuliko daktari. Nilijua maneno anayo, na haki anayo. Akanimiminia uji, akasubiri ninywe. Kisha akasema, "Mimi wanangu saba nimewalea Buyenzi, na hakuna hata mmoja ambaye sijawahi kumpoteza machoni. Mungu ndiye aliyekuwa anawaona." Hajalirudia jambo hilo tena mpaka leo.

Homa ilishuka siku ya tatu. Alhamdulillahi.

Yule mwanamke wa ufukweni tulimtafuta tukampata. Alikataa pesa, akapokea kitenge. Ndiye aliyenieleza kwamba aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo anaanziwa na pumzi ndipo kifua, na kwamba kumning'iniza mtoto ni kupoteza zile dakika alizobakiwa nazo. Akanionyesha kwenye mto wa kulalia, mara nyingi, mpaka mikono yangu ikazoea. Wiki tatu baada ya mkasa, Julai 25, mume wangu akasikia redioni kwamba ni siku ya kuzuia watu kufa maji, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2021. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 300,000 kwa mwaka, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Siku ile mume wangu akaizima redio. Hatukuiwasha siku nzima.

Sasa kwetu kuna kitambaa chekundu. Aliyekivaa mkononi ndiye mwenye mtoto; haswali, hachambui samaki, hapokei simu. Akichoka anamvalisha mwenzake, anasema "nimekukabidhi," na mwenzake lazima ajibu "nimepokea." Wageni wanatucheka. Wacheke.

Nisikufiche, sijapona kabisa. Kelele za watoto hazinisumbui. Kinachonitoa jasho ni wakinyamaza. Miezi mingi nilimwogesha kwa kitambaa kibichi, beseni sikulitaka mbele yake.

Iddi ya mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaomba ziwa. Tukaenda. Kitambaa nilikivaa mimi. Akaingia mpaka maji yakamfika magotini, magotini mwake safari hii, akageuka kunitazama, akataka kwenda mbele zaidi. Nilikuwa nimemshika shati kwa nyuma. Akavuta. Likatanuka shingoni, uzi mmoja ukakatika nikausikia. Akaanza kulia kwamba namzuia, watu wakageuka kututazama. Nikasogea naye hatua moja. Shati sikuliachia.