Rubani Hana Utingo

Umeme ulikatika saa mbili usiku, mdogo wangu akiwa anaongoza mabao mawili kwa moja. Banda zima likapiga yowe. Kwenye banda la gemu dakika zinalipiwa kabla, na umeme ukikatika haki yako inategemea moyo wa mwenye banda. Huyu wa kwetu aliwasha tochi ya simu, akahesabu vichwa, akasema kila mtu akumbuke dakika zake, umeme ukirudi ataendelea pale alipoishia. Umeme haukurudi usiku ule wala siku iliyofuata.

Nyakanazi iko wilaya ya Biharamulo, mahali ambapo barabara inayotoka Kahama inagawanyika. Moja inashika Kakonko na Kibondo kuelekea Kigoma. Nyingine inakwenda Lusahunga, kisha Ngara, na huko dereva anachagua Rusumo kama mzigo ni wa Rwanda au Kabanga kama ni wa Burundi. Watu wengi hawaji Nyakanazi, wanapita. Baba yangu ameishi kwa hao wanaopita tangu sijazaliwa: anaziba pancha za malori, na sasa mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne, anaziba naye. Ada yangu ya masta imetoka kwenye matairi hayo.

Nilikuwa nimerudi likizo. Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi la banda, vijana sita na mimi. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia sabini. Mmoja akaniuliza, "Dada, kwenye simu yako kuna gemu?" Nikasema ipo moja, lakini hamtaipenda. Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo.

Gemu yenyewe inaitwa Out There. Ilitengenezwa na studio ndogo ya Ufaransa, Mi-Clos, ikatoka mwaka 2014. Michoro yake imeiga vitabu vya katuni vya zamani vya safari za anga, wino mzito na rangi zisizoona haya. Wewe ni rubani. Ulilazwa usingizi wa barafu kwa safari fupi, ukaamka mahali ambapo nyota zote ni ngeni, na nyumbani ni mbali kuliko unavyoweza kuhesabu. Unaruka kutoka nyota hadi nyota. Kila hatua inakula vitu vitatu: mafuta, hewa, na ganda la chombo. Mafuta ni haidrojeni na heliamu, unazichota kwenye sayari kubwa za gesi. Hewa unaipata kwenye sayari chache zenye uhai. Ganda unaliziba kwa chuma, na chuma unakichimba kwenye sayari za mawe. Stoo yako ina visanduku vichache, kwa hiyo ukibeba chuma kingi unapunguza nafasi ya mafuta. Hakuna bunduki hata moja. Ukifa umekufa, unaanza upya.

Ilipotoka, wachezaji waligawanyika. Waliosifu walisifu upweke wake. Waliolalamika walisema ni gemu ya bahati: unafanya kila kitu sawasawa, unafika kwenye nyota huna kitu, nayo haina kitu, mchezo umekwisha. Malalamiko hayo nayafahamu vizuri. Nimeyasoma usiku mwingi, hosteli, nikiwa nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Nilikuwa nikifuatilia pia ugomvi mkubwa zaidi, wa Starfield. Hiyo ilitoka Septemba 2023, kazi ya Bethesda, kampuni yenye mabilioni, sayari zaidi ya 1,000, vyombo vilivyosanifiwa vifanane na vile vya Wamarekani wa enzi za safari za mwezini, swichi nyingi na vioo vinene. Sitaicheza karibuni. Peke yake inataka gigabaiti 125 na kompyuta ambayo bei yake ingenunua tairi za semitrela nzima. Lakini mapokezi yake hayahitaji kompyuta. Watu walishuka kwenye sayari, wakatembea, wakakuta mawe, wakaandika kwamba wamechoshwa. Kampuni ikawajibu baadhi yao kwamba wanaanga waliofika mwezini hawakukuta kitu, na hata hivyo hawakuchoshwa. Wachezaji wakacheka jibu hilo kwa miezi. Halafu mwanzoni mwa 2024, kwenye tuzo za Steam, ambazo wachezaji wenyewe ndio hupiga kura, gemu hiyohiyo ikapewa tuzo ya ubunifu katika uchezaji. Mpaka leo sijui nani alikuwa anamtania nani.

Basi nilikuwa najua, au nilidhani najua, kitakachotokea kwenye benchi lile. Vijana waliozoea mabao na kufukuzana na polisi wa kwenye runinga watashika simu dakika tano, watauliza silaha iko wapi, watanirudishia.

Waliuliza kweli. "Silaha iko wapi?" Nikasema hakuna. Mmoja akaondoka kwenda kununua muhindi wa kuchoma. Watano wakabaki.

Swali la pili lilitoka kwa kijana anayeosha malori: "Tenki lake linakula kiasi gani kwa safari moja?"

Hapo mambo yakabadilika. Nikamwonyesha. Akataka kujua kama chombo kikibeba mzigo mzito kinakula zaidi. Mwingine akauliza kama mafuta yanauzwa njiani, na kama rubani anaweza kumpunguzia mtu lita chache apate hela ya kula. Wakacheka sana, maana kila mtu pale alijua anachosema. Niliwaeleza habari ya ganda kuchakaa, mdogo wangu akasema tu, "Kama tairi," na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Nikacheza mimi kwanza, wao wakitazama. Nilikufa kwenye nyota ya tisa au ya kumi, kwa kukosa mafuta, kifo kilekile ambacho wachezaji wa mbali wanakiita dhuluma. Nikasubiri walalamike. Hawakulalamika. Kijana mwosha malori alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti, kwamba kosa lilitendeka nyota tatu nyuma, nilipojaza chuma na kuacha gesi. Pale kwetu kuishiwa mafuta porini si bahati mbaya. Ni hesabu ya dereva, au ni hesabu ya tajiri wake. Kila mtoto wa Nyakanazi amewahi kumwona mtu akitembea na dumu la njano.

Kilichowaudhi kilikuwa kingine kabisa.

"Utingo wake yuko wapi?"

Nikasema hana. Yuko peke yake.

"Dereva gani anakwenda safari yote hiyo bila utingo?" Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amesimama pembeni akijifanya haangalii. "Akisinzia nani anamwamsha? Akishuka kuchimba huko chini, chombo kinabaki na nani?" Kisha akasema kwamba hata msafara hana. Zamani, akasema, hapa mabasi yalikuwa yanasubiriana, askari wenye bunduki wanapanda, ndipo mnaingia pori pamoja. Hilo nalikumbuka. Nilikuwa mdogo, mama amenipakata, basi limesimama na abiria wote wamenyamaza kama kanisani, tunangoja magari mengine yafike. Enzi za majambazi hakuna aliyeingia pori lile peke yake kwa kupenda.

Sijawahi kukutana na hoja hiyo kwenye maandishi yoyote ya wachezaji. Huko upweke unahesabiwa kuwa ndio uzuri wa gemu, michoro na muziki vinautumikia. Kwenye benchi lile upweke ulikuwa kosa la kiufundi. Mtu aliyemtuma rubani yule peke yake alikuwa mjinga au alikuwa mbahili.

Kwa hiyo wakairekebisha. Sikushauri kitu. Kijana mwosha malori alipewa mafuta: kazi yake ilikuwa kutaja, kabla ya kila mruko, yamebaki kiasi gani na yatatosha miruko mingapi. Mwingine akapewa hewa. Mwenye banda, ambaye hakuwa na biashara nyingine usiku ule, akapewa stoo, na akaiendesha kwa ukali, akikataa kubeba kitu chochote ambacho hakijaelezewa kazi yake. Mdogo wangu alishika simu. Dereva wa bodaboda alikuwa msafara. Kazi yake ilikuwa kusema "ngoja". Alisema "ngoja" mara nyingi. Usiku wa kwanza walifika mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi mwezi wangu wa kwanza.

Halafu wakakutana na viumbe. Katika gemu hii viumbe wa sayari nyingine wanakusemesha kwa lugha yao, na huelewi kitu. Anauliza, unachagua jibu kwa kubahatisha, anafurahi au anakasirika. Ukizidi kukutana nao, neno mojamoja linaanza kufunguka. Tatizo ni kwamba lugha iliyobaki, ile ya kumweleza mchezaji, ni Kiingereza, na Kiswahili hakimo kabisa kwenye orodha. Nikawa natafsiri. Baada ya muda nikagundua hawanisubiri. Wanasoma uso wa kiumbe, wanasoma neno lililojirudia, wanakubaliana. Watoto wa njia panda wamelelewa hivyo. Mdogo wangu anaongea Kihangaza cha nyumbani, Kinyarwanda cha madereva, Kirundi cha kutosha kudai hela yake, na hakuna hata moja kati ya hizo aliyofundishwa darasani. Kiingereza, ambacho alifundishwa darasani, ndicho kilichomwangusha kwenye mtihani.

Mimi nasomea isimu. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu namna watu wanavyokisia maana. Ilikuwa inahusu, niseme. Sijaigusa tangu mwezi wa pili.

Usiku wa pili, bado giza, kiumbe mmoja alitokea na mdogo wangu hajabonyeza kitu, mimi nikasema, "Huyu mkubalie." Akakubali, tukapewa kifaa. Kiumbe wa pili nikasema, "Huyu mkatalie." Sawa tena. Mdogo wangu hakuniangalia. Aliendelea kutazama kioo.

"Dada, umeshakufa mara ngapi humu?"

"Nyingi."

"Nyingi ngapi?"

"Sijui. Nacheza tangu mwezi wa pili."

"Kila siku?"

Sikujibu. Wengine walikuwa wanabishana kuhusu hewa. Yeye alikuwa anapiga hesabu, nilimwona akipiga. Ni mtu wa hesabu, anajua ni pancha ngapi ziko ndani ya muhula mmoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kihangaza, ili vijana wa kutoka Kahama wasielewe, kitu ambacho kwa Kiswahili kingekuwa: "Kwa hiyo hukuja likizo."

Nilisema hapana.

Hakunikemea. Ningependa anikemee. Alinipa simu nishike, akaenda kukojoa nyuma ya banda, akarudi, akaichukua tena. Baada ya muda akauliza, kwa Kiswahili, mbele ya wote, kama sisi huku tumewahi kurusha kitu chochote angani. Nikasema Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini, pwani karibu na Malindi, linaitwa San Marco, na kutoka pale Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Ilifanya kazi mpaka 1973.

"Ikarudi?" aliuliza mwenye banda.

"Hizo hazirudi."

"Ndani kulikuwa na mtu?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema dereva wa bodaboda.

Asubuhi nilikwenda na mdogo wangu mpaka kwa Baba. Alikuwa amepiga magoti kando ya semitrela yenye namba za Rwanda, jeki imekwishapanda. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama. Mdogo wangu alichukua spana akaanza kulegeza nati za upande wa pili, mahali ambapo anasikia lakini haonekani. Nikasema yote, vibaya, nikianzia katikati: kwamba nimeacha kuandika, kwamba barua pepe za msimamizi sizifungui, kwamba usiku nacheza gemu ya simu mpaka adhana ya alfajiri. Baba hakuacha kazi. Alichomoa tairi, akaliegemeza, akanawa mikono kwa maji ya dizeli kidogo na sabuni ya unga.

"Umebakiza nini?"

"Nini, Baba?"

"Kwenye hiyo kazi. Umebakiza kiasi gani?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo, kama mtu anavyouliza tenki. "Sura mbili. Na masahihisho."

"Na muda?"

"Miezi minne."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kukubali, kama anavyofanya akitazama tairi lililopasuka ubavuni. Kisha dereva wa lile lori alirudi na chai, mazungumzo yakahamia kwenye foleni ya mpakani.

Umeme ulirudi jioni ile. Banda likajaa, mabao yakaendelea kutoka pale yalipoishia, na mwenye banda alikumbuka dakika za kila mtu isipokuwa za yule aliyekwenda kununua muhindi. Nilidhani gemu yangu imesahauliwa. Lakini saa nne, wateja walipopungua, watano wale walitoka nje wenyewe na kukaa kwenye benchi, kila mtu mahali pake, wakanisubiri nilete simu.

Niliondoka siku ya nne, kwa basi la alfajiri. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka stendi. Usiku uliotangulia walikuwa wamefika kwenye nyota nyekundu, wana mafuta ya mruko mmoja na nusu, na kijana mwosha malori amekataa katakata waruke. Kwenye gemu hii usipofanya kitu hakuna kinachopungua; hewa haiishi kwa kukaa, inaishi kwa kwenda. Kwa hiyo waliegesha. Dereva wa bodaboda alisema tulale hapa kwanza, wengine wakakubali, na simu ikazimwa.

"Usiguse," mdogo wangu aliniambia dirishani, basi likiwa limeshawashwa. "Ukifika utatuuliza kwanza."

Jana usiku nilimtumia picha ya kioo, nyota nyekundu na chombo kidogo pembeni yake, pamoja na kurasa sita za sura ya tatu ambazo najua hatazisoma. Alijibu saa saba. Kijana mwosha malori anasema bado.