Braza na ile radi

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya testi. Wikiendi hii nilikuwa home, Gongo la Mboto. Jumamosi usiku ikapiga radi moja ya nguvu, braza wangu akatoka nje mbio, peku. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Basi bwana, kwa mliokuwa wadogo: Jumatano tarehe 16 Februari 2011, usiku, ghala la silaha la jeshi hapa kwetu lililipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki, mamia wakajeruhiwa. Hiyo ni baada ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009. Mimi nilikuwa na miaka 8, braza 12. Mama alinishika mkono tukakimbia. Braza tukampoteza gizani, tukampata kesho yake Uwanja wa Uhuru, kwenye umati.

Baada ya pale mimi nilikuwa nalia usiku, nakojoa kitandani, simwachii mama hata akienda dukani. Kila mtu: "Maskini, mtoto kashtuka." Braza hakulia hata siku moja. Yeye akaanza kupigana shuleni na kutoroka. Huyo akaitwa mkorofi, akala viboko.

Sasa semista hii kwenye saikolojia tumesoma msongo unaobaki baada ya kiwewe. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, wa mwaka 1995, ulikuta asilimia 10.4 ya wanawake wamewahi kuupata, wanaume asilimia 5. Ajabu ni kwamba wanaume ndio waliokutana na mikasa mingi zaidi. Aina ya mkasa nayo ina uzito wake: ubakaji huacha msongo huu kwa wengi kuliko ajali au maafa, awe mwanamke au mwanamume. Na wanawake ndio hufanyiwa zaidi. Hiyo inaeleza sehemu ya tofauti, si yote.

Nikawaza mambo mawili. Moja, bomu letu lilikuwa la wote, tulipewa pole mtaa mzima. Msichana aliyebakwa anapewa pole na nani? Anaulizwa alivaa nini! Pili, dalili si machozi na ndoto mbaya tu. Hasira za ghafla na kukosa usingizi zimo pia. Sasa mtoto wa kiume akishaitwa mkorofi, nani atamhesabu?

Jumapili nikamfuata braza uani, anaosha pikipiki. Nikamwambia samahani kwa kucheka. Akanyamaza weee, halafu akasema, "Dogo, usiku ule mimi nilijua mmekufa wote."

Miaka yote hii hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Najua darasani nitamkuta mmoja anayepigana kila siku. Kabla ya kiboko, nitamuuliza kwanza. Na ninyi walimu wenzangu watarajiwa, mnasemaje?

Tuko pamoja.