Na Kocha Pia

Mechi ile haikufika mwisho. Mwamuzi alitoa penalti, beki wangu wa miaka 14 akamsukuma, wazazi wakavamia uwanja. Kijana mmoja wa timu ya wageni alipelekwa kituo cha afya juu ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, kitambaa mdomoni, meno mawili hayapo.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimewafundisha pasi, kona, kukaba. Juu ya kumheshimu mwamuzi sikuwa nimetamka neno hata moja; nilidhani wanajua. Akina mama waliwazuia watoto wao, na kwa miezi minne uwanja uliota nyasi. Wavulana wangu nilikuwa nikiwakuta kwenye barabara ya Buta wakisukuma magunia ya makaa kuelekea Kisangani, wananipita bila salamu. Hilo liliniuma kuliko matusi ya wazazi. Nilipokwenda kumwomba radhi mama wa yule beki, aliniuliza, “Papa kocha, ulimwambia lini kwamba haifai?” Nilikosa jibu.

Watu bado wanamzungumzia Mwepu Ilunga, beki wa Zaire aliyechomoka ukutani kwenye Kombe la Dunia mwaka 1974 na kuubutua mpira kabla Brazili hawajapiga adhabu yao. Dunia ilisema hajui sheria. Yeye baadaye alieleza kwamba alizijua vizuri. Wangu ndio hawakuzijua, na kosa lilikuwa langu.

Tulianza upya, watoto tisa chini ya mwembe. Wao walisema, mimi nikaandika kwa makaa juu ya ubao: kapteni peke yake ndiye anayeongea na mwamuzi, anayempiga au kumtukana mtu anakaa nje mechi mbili, hata awe mfungaji wetu. Nilitaka kuongeza fimbo, wakakataa, na walikuwa na haki: fimbo ndiyo iliyowafundisha kwamba mwenye nguvu hupiga. Mdogo wao kuliko wote akauliza, “Na kocha?” Nikaandika: na kocha pia.

Mechi ya tatu nilimtukana mwamuzi. Kapteni hakusema kitu. Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi.

Mechi mbili zilizofuata nilizitazama kutoka kwenye benchi la mama anayeuza kwanga, ile mikate yetu ya muhogo, mikono yangu magotini. Ya pili tulifungwa kwa penalti. Filimbi ya mwisho ilipolia, beki yule yule aliuokota mpira, akaufuta vumbi kwa jezi yake, akampelekea mwamuzi kwa mikono miwili.